Uvimbe wa Mzee

Wewe, acha unachofanya usome hii. Dada yangu leo hana pa kuficha uso.

Si unamjua Mzee, yule mbwa wao? Alitokwa na uvimbe kwenye korodani, daktari wa mifugo akachukua kipimo kwa sindano. Tangu hapo dada halali, chakula hakipiti.

Leo daktari kampigia dada simu akiwa ofisini. Mikono ya dada imejaa wino wa mashine, akabonyeza spika kwa kiwiko. Ofisi nzima ikasikia: "Mama, majibu ya Mzee yametoka. Ni saratani, ila haijasambaa. Kesho tunaondoa korodani zote mbili, atapona kabisa."

ZOTE MBILI. Mbele ya watu wa uhasibu.

Na daktari hakuishia hapo. "Hata ile tabia ya kuruka ukuta kwenda kwa jirani itapungua."

Dada akaangua kilio cha furaha kwamba Mzee atapona. Wenzake wakamkumbatia, naye akafikiri kumbe ofisi nzima inapenda mbwa.

Jioni shemeji akaja kumchukua. Mlinzi akambebea mkoba. Mhasibu akamletea kiti chenye mto. Shemeji anashukuru tu, haelewi.

Mara bosi, yule asiyecheka na mtu, akamvuta pembeni, akamshika bega: "Usiogope, ndugu yangu. Mimi waliondoa moja, na baadaye nikapata mapacha."

Shemeji kamsimulia dada, ndipo akaelewa; sasa kanipigia, analia huku anacheka. Bosi wa watu keshatoa siri yake ya ndani, nani atamwambia kwamba mgonjwa ni mbwa?