Pampu Uliyoiosha Alhamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa nakujua: hata likikuuma utasema limepoa. Sisi huku hatujambo kiasi. Mjukuu wako ameanza kujigeuza mwenyewe. Unamlaza chali, ukigeuka kidogo unamkuta kifudifudi, kakasirika kana kwamba wewe ndiye uliyemgeuza. Mkweo anaendelea na kazi kule kiwandani, bado yuko upande wa kushona kola.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, mama. Ungesema yameisha kabla sijayasema. Kwa hiyo nimeandika, na nimemwomba dada akusomee polepole hadi mwisho.

Nataka kuzungumzia ile pampu ya maziwa, ile ndogo ya mviringo ambayo mkweo huivaa ndani ya sidiria na kuendelea kushona huku inakamua taratibu, maana kiwandani hakuna anayeruhusiwa kwenda kukaa kando. Bila hiyo, mtoto hana maziwa ya mchana. Ulipokuja kutusaidia uliicheka sana, ukasema enzi zenu mashine ilikuwa mtoto mwenyewe.

Alhamisi ile mkweo aliisahau nyumbani, nawe ukaiosha kwenye beseni pamoja na chupa, yote, na mota yake ndani, kwa sababu kwako chombo cha mtoto huoshwa mpaka king'ae. Jioni ikakataa kuwaka. Mkweo alirudi amechoka, matiti yamejaa na yanamuuma, akasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Ulisema tu kwamba labda mikono yako imezeeka, ukaomba radhi, ukaingia chumbani kwa mtoto.

Mimi, fundi wa redio na simu wa mtaa mzima, nikawaambia wasiwe na wasiwasi, kesho naifufua. Ijumaa asubuhi nikaifungua mezani, karibu na dirisha. Nilisafisha bodi kwa spiriti na mswaki laini, nikakausha, nikachomea waya mmoja uliokatika. Saa sita ikawaka, lakini ilivuta kwa unyonge, kama mtu anayetoka kuugua. Wewe saa nane ulikwishapanda basi.

Kipuri kilichotakiwa kilichukua siku kumi na mbili kufika. Kufikia hapo maziwa ya mkweo yalikuwa yamepungua mno. Alijaribu kila alichoshauriwa, hayakurudi. Sasa mtoto anakunywa ya kopo. Anakua, usihofu, lakini mama yake hugeukia ukutani akiyakoroga.

Na mimi, badala ya kukaa kimya angalau, nilikwenda kwa mjomba siku ile ndugu walipokusanyika nikawachekesha. Nikasema mama kaifua mashine kama soksi. Walicheka hadi machozi. Nikacheka nao.

Wiki iliyopita dada akanipigia. Anasema siku hizi huwashi redio mpaka aje yeye akuwashie. Jirani alikupa mtoto wake umshike kidogo, ukakataa, ukasema usije ukaharibu. Wewe, uliyelea watoto sita na wengine wa watu! Nilikata simu nikakaa chini. Chakula cha siku ile sikukigusa.

Dada, ukifika hapa usiruke hata neno.

Mama, maji yako hayakuiua ile pampu. Nilipoifungua niliyakuta, matone mawili matatu juu ya kifuniko cha ndani, nikayafuta kwa kitambaa. Chini ya bodi nikakuta maziwa. Yalikuwa yamegandana, ya manjano, yanatoa harufu ya kuchacha, na kutu ya kijani ilikuwa imekwisha kula waya wa betri. Kutu ya namna ile haioti kwa siku moja. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tano, najua.

Kuna kiwambo kidogo cha mpira kinachozuia maziwa yasifike kwenye mota. Kila alfajiri, mkweo akimnyonyesha mtoto, mimi ndiye niliyeisafisha pampu na kuiunga. Kiwambo kile hutolewa kwa vidole. Mimi nilikuwa nakitoa kwa bisibisi, kwa sababu mimi kila kitu ni bisibisi, hata kifuniko cha jemu. Wiki tatu kabla hujaiosha nilikichana ukingoni. Nilikiona kimechanika. Nikasema kitashika tu, fundi gani ashindwe na mpira, nikafunga. Maziwa yakawa yanapenya kidogo kidogo hadi Alhamisi ile ikazimika mikononi mwako.

Ijumaa ile ulikuja kusimama karibu na meza ukaniuliza kama nimeona kilichoiharibu. Nilikuwa nimekiona, mama, kipo mbele yangu. Nikakujibu kwamba ni maji. Ukaniomba radhi mimi pia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilikuachia sahani yote peke yako. Naona haya. Naomba barua hii isomwe Jumapili mbele ya mjomba na wote waliocheka, tangu salamu hadi sahihi.

Mkweo nimemwambia jana. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilipogundua kosa langu wewe ulikuwa ungali ndani ya nyumba. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa chumbani, unakunja nepi za mtoto kabla hujafunga begi lako.

Anakusalimu kwa heshima. Amesema yake atakuja kukuambia mwenyewe, uso kwa uso. Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulipumzishe.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
niliyeharibu pampu.