Pini Iliyokataa Kuvunjika

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuandikia kwa aibu, naomba uninasue. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga posho hapa Manga, na sifa zangu zimefika mpaka Nyaramba, nyingi nikiwa nimezieneza mwenyewe, ndipo Bwana Vasant mwenye duka Kisii mjini akaniletea injini ya boti yake ya starehe, ile anayotembezea familia ziwani Kendu kila Jumapili, akasema propela haizunguki, nami ambaye maji mengi niliyowahi kuingia ni ya kubatizwa nikamwambia niachie. Nilipofungua nikakuta pini inayoshika propela, ya shaba laini, imekatika, nikacheka sana, nani anatia kitu dhaifu mahali pa kazi, basi nikachonga nyingine ya chuma kigumu, nikaijaribu kwenye pipa la maji, injini ikanguruma hadi majirani wakaja, nikatamba kwamba hii haivunjiki mpaka Yesu arudi.

Kweli haikuvunjika. Subhash, mdogo wake Vasant, alikuwa akiendesha, propela ikagonga jiwe, pini ikasimama imara, gia za ndani zikasagika kama mahindi, ikabidi wavutwe na wavuvi. Hapo ndipo niliposoma kijitabu cha injini, ambacho siku zote nilikuwa nimekikalia, kikaniambia pini hutengenezwa laini makusudi, ikatike ili gia zipone. Sasa Vasant ananisifu kwamba pini yangu tu ndiyo iliyosalimika, na amemfukuza Subhash dukani akidai ndiye aliyeharibu injini, hawasemezani, na mke wangu Nyanchera anauliza mbona siku hizi sitambi. Niseme au ninyamaze?

Fundi wa Nchi Kavu, Manga

Wewe Fundi,

Nimecheka, kisha nikakasirika. Kutojua si dhambi, mtu wa mlimani atayajulia wapi mawe ya ziwani? Lakini umesoma, umejua, na bado unapokea sifa huku ndugu wawili wanakosana kwa ajili yako! Pole kwa aibu, ila mficha uchi hazai.

Jumatatu asubuhi nenda dukani na kijitabu na hiyo pini yako. Mwombe Vasant amwite Subhash, useme mbele ya wote wawili: "Kosa ni langu." Usianze kwa habari za mvua na chai. Kisha mtafute fundi wa boti huko Kendu, azitengeneze gia, wewe umshikie spana na ufunge mdomo.

Watakucheka mpaka Nyacheki. Sifa zako zitavunjika. Ziache zivunjike, ndiyo kazi ya pini.