Fimbo Tisa Zilizosimamishwa Chini ya Waya wa Pampu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumatatu tarehe 16, kuanzia saa 3:20 asubuhi.

Jina: limo kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Fimbo.
Umri: miaka 53.
Kazi: mtunza stoo na mbebaji wa fimbo za kuvulia samaki, klabu ya uvuvi ya bwawani.
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha pampu, mlango wa nne.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimemwomba afande aache mlango wazi, kwa sababu Katibu wa klabu yetu amekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili, na sitaki apate taabu ya kutega sikio.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Watu huicheka. Husema, kubeba fimbo nayo ni kazi ya kulipwa? Basi afande andika jinsi inavyofanywa, maana jambo lote limo humo. Fimbo zetu za mashindano ni zile nyeusi za kaboni, nyepesi, zenye vipande vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Zikiwa zimefungwa, unaweza kuziweka kwapani. Zikivutwa, kila moja inafika mita sita, na zinapitisha umeme sawasawa na waya. Kabla ya kutoka stooni mimi hutoa ndoano zote na kuzichoma kwenye kizibo. Fimbo huzifunga tatutatu kwa mpira wa tairi la baiskeli, huku na huku na katikati. Huzibeba chini, usawa wa paja, shina likiwa mbele na ncha nyuma, nami hutembea taratibu. Fimbo tisa ni safari tatu. Hakuna fimbo inayovutwa mpaka nifike ngazi ya mwisho, pale maji yanapolamba saruji. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyetobolewa jicho wala aliyechanwa sikio.

Kutoka stoo hadi majini ni hatua mia mbili na kumi. Karibu na nyumba ya pampu kuna waya wa umeme unaokatiza njia. Miezi mitano iliyopita lori la mchanga liligonga nguzo yake, nguzo ikainama na waya ukalegea. Nilimwambia Mwenyekiti wa klabu mara mbili, mara ya pili Katibu akiwepo. Mwenyekiti alinijibu, "Mama, waya ule upo tangu tuko wadogo, na haujamng'ata mtu." Nikamwambia mdharau mwiba mguu huota tende. Akaniuliza kama siku hizi nauza methali. Katibu alicheka, na hapo nje alipo anaweza kukanusha kama ana uso huo.

Sasa nieleze habari za aliyeumia. Ni mume wa mdogo wangu, ana miaka 41, ni mkata nyasi wa klabu. Watu wote humwita Twende, kwa sababu ukimwomba jambo lolote jibu lake ni hilo. Ukimwambia tukahamishe kilima, atauliza tu tuanzie upande gani. Yeye hukata nyasi upande wa juu, kwenye maegesho na ofisini. Upande wa pampu hukatwa na watu wa pampu wenyewe, kwa hiyo kule chini hakuwa na mazoea nako.

Nimesikia inasemwa kuwa siku hiyo alikuwa amelewa. Shemeji yangu anakunywa, simpaki manukato. Hunywa Jumamosi jioni. Hii ilikuwa Jumamosi asubuhi, na alichokuwa amekunywa ni chai yangu vikombe viwili. Kikombe cha tatu aliondoka nacho bila ruhusa, na hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua.

Mnamo tarehe 14, siku ya mashindano, nilifungua stoo saa 1:30 asubuhi. Kufikia saa 2:40 mafungu yangu matatu yalikuwa tayari mlangoni. Saa 2:55 alikuja Mwenyekiti, pamoja na Katibu, mpiga picha na wageni kama kumi hivi. Mwenyekiti aliniambia, "Mama Fimbo, leo zote tisa zivutwe hapa hapa. Abebe mtu mmoja, zikiwa zimesimama. Mpiga picha anazitaka zishuke bwawani kama bendera."

Nikasema, "Zitavutwa majini, Mwenyekiti. Hapa hazivutwi."

Akasema, "Kwani mwenye klabu nani, mimi au wewe?"

Nikasema, "Klabu ni yako. Fimbo zikiwa mikononi mwangu ni zangu."

Wageni walicheka, na Mwenyekiti si mtu wa kuchekwa mbele za watu. Aliniambia niweke ufunguo mezani, niende nikapumzike, maana inaonekana nimechoka na kazi. Niliuweka. Niliubamiza, nikiri. Kisha nikaenda kukaa juu ya kreti la chambo pale pembeni, nikakunja mikono.

Mwenyekiti akamwita Twende, aliyekuwa anafagia kibaraza cha ofisi. Alimwambia, "Bwana mkubwa, njoo ubebe hizi, huyu mama leo ameamka vibaya." Twende akajibu kama anavyojibu siku zote. Hakuzigusa fimbo kabla ya kuitwa na hakuzichukua kwa siri. Alisimama katikati ya kibaraza, akanyoosha mikono, na Mwenyekiti na Katibu wakazivuta fimbo moja moja kwa mikono yao wenyewe, wakampangia kifuani zikiwa wima, ncha juu. Nilihesabu tisa. Mpiga picha alimwambia anyanyue kidevu.

Alipopita karibu yangu alisema, "Shemeji, usinune bwana. Nikirudi nitakuimbia." Mimi niligeukia ukuta.

Afande ameniuliza kwa nini niligeukia ukuta. Nilikuwa na hasira. Nilitaka aone kuwa nimekasirika naye, kwamba amenisaliti kwa kukubali nilichokikataa. Katika ugomvi wote ule na Mwenyekiti sikulitaja neno waya hata mara moja. Nilisema hazivutwi, nilisema ni zangu, nilisema maneno ya watu kucheka. Miaka kumi na tisa nimepita chini ya waya ule nimeinamisha fimbo bila hata kufikiri, na asubuhi ile nilikuwa nagombania heshima yangu.

Saa 3:14 nilisikia mlio, kama shuka zito linapochanwa, halafu kelele za watu. Najua saa kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele ya uso wangu. Nilikimbia. Twende alikuwa chini kando ya njia, amelala ubavu, kiatu cha kushoto kimetoka. Fimbo zilikuwa zimetawanyika na moja ilikuwa bado inaning'inia kwenye waya. Mgeni mmoja alitaka kumshika. Nilimsukuma akakaa chini, na kama anataka kunishtaki kwa hilo, anajua ninapoishi. Nilimpigia kelele fundi wa pampu akate umeme. Alikata. Ndipo nikamshika shemeji yangu. Alikuwa anapumua, lakini kwa shida, na kiganja chake cha kulia sitakieleza.

Wakati tunasubiri gari la wagonjwa nilimtafuta Mwenyekiti kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye maegesho anaongea na simu. Katibu alikuwa anaokota fimbo, na alikuwa anazifunga. Afande andika hilo. Alizikunja kipande kwa kipande, akazirudisha stooni, akafunga mlango kwa ufunguo wangu. Saa 3:14 zilikuwa zimevutwa, kufikia saa nne zilikuwa zimefungwa vizuri kama nilivyoziacha mimi.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia siku hiyo hiyo. Mguu wa kushoto, mahali umeme ulipotoka mwilini, bado wanauangalia. Alipozinduka aliniuliza kama fimbo zimevunjika. Nikamwambia hazijavunjika. Akasema, "Afadhali, maana wangesema ni mimi."

Saa 11 jioni mdogo wangu alitoka wodini, tukakaa koridoni. Alikuwa ameshika kile kiatu. Aliniuliza, "Dada, ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Akauliza, "Ulimwambia kuna waya?" Nikamwambia aende akapumzike, mgonjwa nitabaki naye mimi. Hilo si jibu, na yeye alijua si jibu, lakini hakunibana. Aliinuka akaenda.

Jumapili tarehe 15, saa 4 asubuhi, Katibu alikuja nyumbani kwangu na karatasi iliyopigwa chapa. Iliandikwa kuwa mkata nyasi, akiwa amelewa, aliingia stooni bila idhini wakati mtunza stoo hayupo, akachukua fimbo, akazichezea. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi yangu. Nilimwambia, "Katibu, umechoka bure kuandika. Hapa hakuna neno la kweli isipokuwa fimbo."

Aliweka ufunguo wa stoo juu ya karatasi. Alisema, "Weka sahihi, ufunguo wako huu, kazini kesho. Mgonjwa amepona kifo, shukuru. Polisi wakimwandikia uzembe, ni onyo tu, litapita." Nikamuuliza kama litapita, kwa nini asilibebe yeye. Hapo akabadilisha sauti. Akasema, "Mama, ukienda kule na wewe utaulizwa ulikuwa unafanya nini." Nikamwambia, "Nitawaambia nilikuwa nimenuna."

Nilimrudishia karatasi na ufunguo wake. Kwa hiyo leo sina kazi, na sijaja hapa kuomba nirudishiwe. Ningetaka kazi ningekuwa na ufunguo mfukoni sasa hivi.

Afande amesema sehemu ya mimi kugeukia ukuta si lazima iingie, kwa kuwa si mimi ninayelalamikiwa, na ikiingia inaweza kuniletea matatizo. Nimemwomba aiandike yote. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi sitaki kuwakuta wale wawili njiani. Mwenyekiti aliujua waya, akaamuru fimbo zisimame. Katibu aliujua, akazivuta. Mimi niliujua kuliko wote, nikanyamaza. Twende ndiye peke yake asiyejua, na ndiye wanayetaka kumbebesha. Mikono yake imeshabeba ya kutosha. Kama kuna kesi ya uzembe, iandikwe kwa majina yetu watatu, langu likiwemo, na mimi nitasimama popote nitakapoitwa niyaseme haya haya.

Haya niliyoyasema ndiyo maelezo yangu, na yale yanayonidhuru ni yangu pia. Nimesomewa, nimeyaelewa, sitaki neno lolote liondolewe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI

Mimi koplo wa zamu nimeyaandika maelezo haya katika kurasa nne na kumsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Kabla hajaweka sahihi nilimwonya kwamba ukurasa wa tatu, anapoeleza kunyamaza kwake, unaweza kutumika dhidi yake. Alijibu kuwa ameelewa, akaniomba nirudie kuandika mistari miwili kwa kuwa mwandiko wangu hausomeki. Nimeirudia.

Mtu aliyejitambulisha kama Katibu wa klabu aliondoka kwenye benchi wakati maelezo yakiendelea. Ataitwa.

Shahidi aliomba nakala ya ukurasa wa tatu ampelekee mdogo wake hospitali. Nilimweleza kuwa nakala haitolewi kabla upelelezi haujakamilika. Aliuomba ukurasa huo, akausoma mara tatu huku midomo yake ikicheza, kisha akanirudishia. Alisema sasa ataweza kumjibu mdogo wake. Alitoka kituoni saa 5:05 asubuhi kuelekea hospitali.