Maili Niliyoipima Pungufu

Ofisi ya Wilaya,
Garissa.
14 Februari 1966

Mpendwa Mjomba Musembi,

Kabla ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha uichome. Mtu yeyote asijue hata neno moja.

Hujambo, Mjomba? Mgongo unaendeleaje tangu yule farasi akupige teke? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Joto ni kali, na kwa sababu ya vita hivi jua likitua haturuhusiwi kutoka nje, lakini tunakula vizuri na maziwa ya ngamia nimeyazoea.

Mwezi uliopita Bwana DC, mkuu wetu wa wilaya, alitaka mbio za farasi za maili moja. Nilikuwa nimejisifu ofisini kwamba mjomba wangu anatunza farasi wa mashindano huko Nairobi, basi akanikabidhi mimi kupima njia na kushika saa.

Nilipima na Dubow, tarishi wetu, kwa mnyororo wa yadi ishirini na mbili. Minyororo themanini ni maili, na kila kumi tulipigilia kigingi. Tulipomaliza kigingi cha sita, risasi zikalia upande wa mto, tukatimua mbio. Kesho yake nilianzia kigingi cha mwisho nilichokiona, nikaongeza viwili, nikarudi mjini upesi. Vya nyuma sikuvihesabu.

Siku ya mbio bunduki ilikatazwa, askari wasije wakadhani tumeshambuliwa. Bendera nyeupe ikashushwa kule mwanzo, nami nikabonyeza saa huku mwisho. Farasi wa mzee Yarow, mfanyabiashara wa mifugo wa mtaa wa Waberi hapa mjini, alishinda kwa dakika moja na sekunde thelathini. Bwana DC akafurahi sana, akasema Ijumaa atapeleka habari gazetini. Mjomba, hata farasi wenu hawafiki hapo! Nikajua wenye kuelewa watacheka, nami nitafukuzwa kazi.

Nikaenda kuhesabu. Vigingi viwili havikuwepo. Batula muuza chai alikuwa amevifanya kuni kabla sijarudi kupima ile siku ya pili. Robo maili nzima ilikosekana.

Nilimwendea Yarow nikamweleza yote. Alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Karani, mlipima au mlikimbia?"

"Vyote viwili, mzee."

"Wallahi, basi mlimshinda farasi wangu! Nyamaza. Mimi sitaki sifa ya robo maili iliyochemsha chai."

Akaenda mwenyewe kwa Bwana DC, akasema Adow, aliyekuwa wa pili, hakuiona bendera vizuri. Njia ipimwe upya, warudie. Tukarudia Jumatano. Dakika mbili na sekunde tatu, na Yarow akashinda tena. Hizo ndizo zilizokwenda gazetini. Sasa nalala usingizi, ingawa Yarow akinikuta sokoni huniita Karani Maili, nami hutazama chini.

Nisalimie Mama Zilpah na Mirriam. Mungu awalinde nyote na awape afya.

Mpwa wako akupendaye daima,
Kioko

Ukijibu, usilete telegramu. Zote hupita mezani kwa Bwana DC. Barua mpe Nunow, dereva wa lori la ngozi, pale Thika Jumatatu asubuhi, kabla msafara wa askari haujaondoka. Juu ya bahasha andika jina la Dubow tu, ataniletea. Na unieleze ninyi huko mnaweka alama kwa kitu gani kisichowaka moto.