Tope Nililoliacha Ukingoni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukusalimia. Ungenikata jicho.

Tangu tukuzike shamba la chini, kazi yako ya kusimamia mfereji majirani waliniachia mimi. Walisema, "Kabula ndiye aliyekuwa anamfuata mzee na karai tangu mdogo, anajua." Kichwa kikanivimba. Kumbe kujua kazi na kusimamia watu ni vitu viwili.

Unakumbuka ulivyokuwa unatusumbua? Kila mwaka kabla ya mvua tunazibua mdomo wa mfereji, pale unapoingia mto Simiyu, na kila aliyechimba tope lazima alibebe mpaka bustanini kwake. Marufuku kumwaga ukingoni. Siku moja nilimwaga karai moja tu, nikidhani hujaniona. "Lizoe. Mvua ikija utalichimba tena." Ukasimama hapo hapo mpaka nikalimaliza kwa mikono. Nilikununia kutwa nzima, na wakati wa kula ukanipa kichwa cha sato, ambacho hukuwa unampa mtu.

Mwaka huu jua lilikuwa kali, watu wamechoka, wengine wananigunia eti mwanamke anawaendesha. Nikataka wanipende, Baba. Ndiyo hivyo tu, sina sababu nyingine. Nikawaambia, "Liacheni hapo, tutalibeba kesho." Wakanishangilia.

Mvua haikusubiri kesho. Tope lote likaporomoka mferejini, likaziba. Mto nao ukafura, maji yakakosa pa kupita, yakageukia shamba letu la chini. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini yalipopungua, shamba zima lilikuwa tope tupu, linafika magotini. Msalaba wako haupo. Migomba haipo. Ule uzio wa minyaa umesombwa wote, sijui umefika ziwani au wapi. Nilisimama pale nikashindwa hata kukisia. Sijui ulipo. Jamani, baba yangu mzazi, sijui ulipo!

Mama hajui. Miguu inamsumbua, hashuki tena huko. Juzi nilikuwa namchua kwa mafuta, akaniambia siku yake ikifika nimlaze ubavuni kwako, upande wa kulia, kama mlivyokuwa mkilala. Akauliza kama kaburi lilisalimika. Nikamjibu, "Limesalimika, mama." Akafurahi. Nikatoka nje nikalia.

Kila Jumamosi nashuka na jembe. Nachimba polepole, naogopa nisije nikakuumiza. Ujinga, najua. Tope nalibeba lote mpaka juu, na majirani wameanza kuja kunisaidia bila kuitwa. Hakuna anayenilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wewe ungenigombeza. Natamani ungenigombeza.

Nisamehe, Baba. Pumzika hapo ulipo. Nakuahidi nitakupata kabla Mama hajakufuata.

Mwanao,
Kabula