Niliiombea Nyumba ya Mama Ruth

Alhamisi, Novemba. Theluji ya kwanza imeanguka asubuhi ikayeyuka kabla ya saa sita, kwa hiyo ni matope kila mahali. Nimefika nyumbani nikaenda moja kwa moja kunawa mikono. Nimenawa mara tatu. Bado najihisi mchafu.

Nimechukizwa na mtu mmoja, nimechukizwa na karatasi zake, lakini zaidi nimejichukiza mwenyewe.

Wanaopita hapa kunisoma mara kwa mara wanajua kazi yangu. Kila asubuhi natoka Brooklyn Center, mabasi mawili, hadi mitaa ya kando ya ziwa huko Minneapolis, hapa Marekani, kumtunza mama mmoja aliyepita miaka themanini. Anaitwa Ruth. Mimi humwita Mama Ruth kwa sababu ulimi wangu unakataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu. Akili yake ni timamu kuliko yangu. Macho ndiyo yamekwisha.

Nyumba yake ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita na tajiri wa kiwanda cha mbao, mtu aliyetaka kila mpita njia ajue utajiri wake umetoka wapi. Basi akaivisha nyumba mbao mwili mzima. Ni vibao vidogo vya mwerezi, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki, kutoka kwenye msingi hadi juu kabisa, na kwenye kona havikatiki, vinapinda pamoja na ukuta. Paa limeshuka chini mpaka likafunika varanda. Siku ya kwanza niliitazama nikajiambia, hawa watu nao, nyumba kuukuu hivi na mtaa wenyewe wa matajiri. Sikujua kitu. Mama Ruth ndiye aliyenifundisha kuisoma kwa vidole, kama anavyofanya yeye. Vibao vya zamani ni vyembamba na vimelainika. Vile vinene, vilivyopinda kidogo, ni vya baba yake.

Maana nyumba ile imepitia mikono ya watu. Mjane wa yule tajiri aliiuza kwa daktari. Watoto wa daktari wakaigawa vyumba vya kupangisha, wakaziba sebule kwa mbao za bei rahisi na kupaka rangi ya kijani ambayo Mama Ruth akiitaja hadi leo anakunja uso. Ilipokuwa haitakiwi tena na mtu, baba yake akainunua. Alikuwa seremala. Majirani walipofunika nyumba zao kwa plastiki, yeye alipanda ngazi kila kiangazi akabadilisha kibao kimoja kimoja. Alipokufa akamwachia binti yake, ambaye hakuolewa wala kuzaa, na aliyefundisha piano kwenye sebule ileile maisha yake yote.

Hati zote zimo kwenye mkebe wa biskuti. Kuna asubuhi ananiambia nimsomee, naye anasikiliza amefumba macho. Kila hati ina saini ya mtu anayeiacha nyumba, na kila mmoja wao alijua anaiacha.

Sasa nifike kwa Dale.

Dale ni mtoto wa marehemu kaka yake Mama Ruth. Anaishi Champlin, nje ya mji. Alikuja mwezi wa tisa na keki, na mwanamke wa kugonga muhuri wa kuthibitisha saini. Alisema vibao vya nyuma vinaoza na atagharamia yeye mwenyewe, ila halmashauri ya mji inataka shangazi aweke saini kwanza. Kisha akanigeukia mimi, akanivutia kiti. Alitaka niwe shahidi.

Kwetu, ukiitwa kushuhudia mzazi akiweka saini, umeheshimiwa. Nilijiona mtu. Nikavua aproni, nikaketi. Na kwetu kikao hakianzi hivi hivi tu. Kabla mtu hajafungua mdomo nilisema, "Tuanze na neno la maombi."

Niliomba kwa dakika nyingi. Niliombea kuta na paa. Niliombea mikono ya Dale, Mungu nisamehe, kwamba itengeneze kilichoharibika. Mama Ruth alikuwa na machozi. Dale aliitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Kisha Mama Ruth akanishika mkono. "Umezisoma, Kerubo?"

Zilikuwa kurasa kama tano, mbele yangu kabisa. Lakini ndiyo kwanza tumesema amina. Ningevaaje miwani nianze kupekua karatasi za mtu niliyetoka kumwombea, kana kwamba ni mwizi?

"Nimezisoma, Mama Ruth. Ni za vibao."

Akaweka saini, nami nikaweka yangu. Sikuwa nimezisoma.

Leo wamekuja wanaume wawili na vigingi vyenye rangi nyekundu, wakaanza kuvipigilia uani. Mama Ruth alisikia nyundo. Akaomba sweta yake nzuri na kitana, akaniambia niwapelekee mafundi chai. Nikawapelekea. Mmoja wao, kijana mpole tu, akashangaa nilivyouliza wataanza na upande gani. Akanionyesha karatasi. Nyumba inabomolewa majira ya kuchipua, kiwanja kishauzwa, na muuzaji ni Dale. Yeye aliipata kwa shangazi yake, bure, kama zawadi, siku ileile ya keki na maombi.

Wakati anaongea alikuwa amekibandua kibao kimoja ukutani. Akakitazama, akakitupa majanini.

Nikarudi ndani. Mama Ruth amechana nywele. "Wanaonaje, mwerezi utapatikana?"

Nikamwambia bado wanapima. Huo ni uongo wa pili.

Nilimpigia Moraa, dada yangu wa kanisani, naye anatunza wazee kule Bloomington. Hakuzunguka. "Kerubo, hiyo ni family yao, wewe uko kwa shift tu. Uki-report, mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe. Utapoteza job, na hiyo license uliisomea ukilala masaa matatu." Kila neno lake ni kweli. Kinachonichukiza ni kwamba nilifarijika. Basi la kwanza lote nilikaa nikipanga jinsi ya kunyamaza, na mpango ulikuwa mzuri.

Kwenye kituo cha kubadilisha basi, nikiwa nimesimama matopeni, nilipiga ile namba tunayopewa kazini ya kuripoti wazee wanaodhulumiwa. Alipokea mwanamke asiye na haraka. Akauliza jina la mama, jina la mpwa, siku yenyewe. Akauliza kama kulikuwa na shahidi. Akauliza ni nani aliyemweleza mama kwamba karatasi ni za ukarabati.

Nikamwambia ni mtu mmoja huyohuyo.

Akauliza jina. Nikamtajia langu, herufi moja moja, naye akaandika.

Mama Ruth bado hajui lolote. Kesho saa mbili asubuhi nitamketisha karibu na dirisha na kumwambia mwenyewe, kuanzia kwenye uongo wangu, kabla hajasikia wa Dale. Keshokutwa sijui kama atanifungulia mlango.