Wakwe Wakija, Nakimbilia Chooni

Mpendwa Bi Rahila, naomba unisaidie mwenzio, maana hata kukaa kitako siwezi. Mimi ni fundi cherehani wa Jang'ombe, jongo limenishika kidole gumba cha mguu mpaka shuka ikinigusa machozi yananitoka, daktari akanipa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, nami kwa kuwa mwanangu Shemsa anaposwa na nilitaka nisimame kama watu, nikawa nameza viwili viwili, mguu ukatulia kweli lakini tumbo likaanza kuendesha, basi siku ya posa wazee wa Anuar, huyo anayemposa, wamekaa ukumbini, ami yake, Mzee Talib, ndiyo kwanza anasema wamekuja kuomba, mimi nikanyanyuka, nikarudi, akaanza tena, nikanyanyuka tena, mara ya tatu nikamsikia akimwambia mwenzake, "Huyu bwana hatutaki, basi tu anaona haya kutwambia." Posa ilipita hivyo hivyo, lakini tokea hapo Shemsa hasemi nami, chai ananiwekea na kuondoka, na nikaha ni Ijumaa ijayo, mimi ndiye walii, natakiwa nimshike mkono mkwe wangu mbele ya msikiti mzima, nikiacha dawa sikanyagi, nikinywa nitakimbia, nafikiria nimuweke mdogo wangu Machano awe wakili, mimi nijifanye nimesafiri Pemba, sijui wewe waonaje.

Baba wa biharusi, Jang'ombe

Baba Shemsa, pole sana, jongo si maradhi ya mchezo. Lakini hili la tumbo umejitafutia. Daktari kasema kimoja, nani kakutuma umuongezee? Dawa hizo zikizidi, tumbo ndilo la kwanza kulalamika, na ukijifanya husikii utalazwa, pengine Ijumaa yenyewe. Usimeze kingine. Leo hii rudi kwa daktari na vidonge vyako vyote, pamoja na vile vya maumivu ulivyopewa na jirani, hukuvitaja lakini najua vipo, na umwambie kwamba unaharisha, yeye hashangai. Atakupunguzia kipimo au atakubadilishia dawa. Kunywa maji mengi, na maini na dagaa, vinavyoamsha jongo, waachie wengine.

Machano kukuwakilia si vibaya, inajuzu. Na shekhe akiombwa atakuja kuozesha hapo hapo barazani kwako, choo kikiwa karibu. Kibaya ni hiyo Pemba. Umeona haya kutaja tumbo mbele ya mwanao, ukaona afadhali adhani humtaki mumewe, na hivi sasa anajiandaa kuolewa huku analia.

Ukimaliza kusoma hapa mwite. Usizunguke. Mwambie, "Mwanangu, Anuar nampenda, ni tumbo tu."